Almasi bandia za rangi: historia ya kuziiga na kuzitambua

Almasi bandia ya rangi ni kito kinachovaliwa kwa sura ya almasi ya njano, waridi, bluu au kijani ilhali si almasi, au ni almasi ambayo rangi yake haikutoka nayo ardhini. Ufafanuzi huo una sehemu mbili, na historia yake nayo ina sehemu mbili. Kwa karne nyingi kilichoigwa kilikuwa jiwe lenyewe: kioo au kito cha bei nafuu kilichongwa kwa umbo la almasi. Tangu mwanzo wa karne ya 20 kilichoigwa zaidi na zaidi ni rangi, kwa sababu rangi ndiyo iliyopanda bei. Wapimaji wa vito wamekuwa nyuma ya waigaji hatua moja wakati wote, na karibu kila kipimo kinachotumika leo kilizaliwa kutokana na udhaifu wa bandia fulani ya wakati fulani. Anayetaka kuzitambua hana budi kujua kila moja ilitoka wapi na ilianza lini.

Kioo cha rangi kimeigiza vito tangu enzi za Misri na Roma. Plinius Mzee, mwandishi Mroma aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika katika kitabu cha 37 cha kazi yake kubwa juu ya mambo ya asili kuhusu vito vya kughushi na namna ya kuvijaribu: kupima uzito kwa kiganja, kusikia ubaridi wa jiwe, kutafuta viputo ndani yake. Mwanafunzi wa vito wa leo bado anaanzia hapo hapo. Lakini almasi yenyewe haikuwa ikiigwa sana wakati huo. Ilifika kutoka India ikiwa haijachongwa, ikathaminiwa kwa ugumu wake kuliko kwa mng'aro, na jiwe lisilometameta halina sababu ya kuigizwa kwa kioo.

Mambo yaligeuka Wazungu walipojifunza kuchonga almasi, kuanzia karne ya 14 na ya 15. Mabapa ya mchongo yaliamsha nuru iliyokuwa imelala ndani ya jiwe, na papo hapo mafundi wakaanza kuiongezea nuru hiyo rangi. Sonara Benvenuto Cellini wa Firenze, katika kitabu chake juu ya uhunzi wa dhahabu kilichochapishwa 1568, alieleza jinsi ya kuchanganya masizi na utomvu wa mastiki na kuupaka nyuma ya almasi kabla ya kuitia katika kikalio chake. Vito vingine viliwekewa foili, yaani bamba jembamba sana la madini lililosuguliwa hadi ling'ae na kutiwa rangi. Kikalio kilizibwa nyuma kabisa, kama kikombe, ili hewa na maji visiguse foili. Mwanga wa mshumaa uliingia kwa juu, ukagonga foili na kurudi ukiwa umevaa rangi yake. Haya hayakuhesabiwa kuwa udanganyifu. Yalikuwa ufundi wa kawaida wa karakana nzuri. Hata hivyo yameacha kanuni ambayo mpimaji yeyote makini huifuata hadi leo: kito kilichozibwa nyuma hakikadiriwi rangi mpaka kitolewe. Anayetaja daraja la rangi bila kukitoa anakisia.

Kioo cha kale kilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: hakikupinda mwanga vya kutosha, kwa hiyo kilionekana kimekufa kando ya almasi. Dawa yake ilikuwa madini ya risasi. Mwaka 1674, huko London, George Ravenscroft alipata hataza ya kioo kipya ambacho baadaye kilitiwa oksidi ya risasi kwa wingi, kikawa kizito, king'avu na rahisi kukatwa. Kilichokuwa kioo cha bilauri na vinara kikaingia katika mikono ya masonara. Aliyekifikisha mbali zaidi ni Georges Frédéric Strass, aliyezaliwa 1701 karibu na Strasbourg, akahamia Paris 1724, na kufikia 1734 akawa sonara mwenye idhini ya mfalme Louis XV. Kioo chake chenye risasi nyingi kilichongwa kwa mkono kama almasi, kikasuguliwa kwa uangalifu uleule, kikavaliwa mbele ya mfalme na watu waliokuwa na almasi halisi nyumbani. Jina lake limebaki katika lugha kadhaa za Ulaya kuwa jina la kioo cha namna hiyo.

Pambo la kioo la karne ya 18 lina sura yake, na aliyelishika mara moja hulitambua tena. Fundi hakulazimika kuhurumia jiwe kama mchongaji wa almasi, ambaye kila chembe inayopotea ni hasara. Alikata kioo kwa umbo lolote lililojaza nafasi. Ndiyo maana vito hivyo vimebanana ubavu kwa ubavu, vingine mviringo, vingine vya pembe zisizo sawa, bila mwanya wa madini kati yake. Nyuma kumezibwa na bamba la fedha. Katikati ya kila kito, kwa chini, mara nyingi kuna nukta nyeusi iliyopakwa kwa brashi, kuigiza ile ncha iliyokatwa ya almasi za zama hizo, ambayo ikitazamwa kwa juu huonekana kama tundu la giza. Nukta hiyo ndogo ni shahidi mzuri wa umri wa pambo.

Rangi za kioo zilitokana na maarifa ya watengenezaji vioo. Kobalti ilitoa bluu, manganizi ilitoa zambarau, shaba na chuma zilitoa kijani, na dhahabu iliyoyeyushwa kwa asidi ilitoa waridi na nyekundu. Rangi hizo ni nzito na zimeenea sawasawa mno. Almasi ya waridi au ya bluu kwa kawaida ina rangi iliyopauka kidogo, mara nyingine imekaa katika tabaka au upande mmoja wa jiwe, na hupungua au kuongezeka jiwe likigeuzwa. Kioo chenye bluu iliyokolea kila pembe kinamtia mpimaji shaka hata kabla ya kushika lenzi.

Karne ya 19 ilileta hila za aina nyingine. Zirkoni isiyo na rangi, jiwe la asili lililopatikana kwa wingi Sri Lanka, iliuzwa kwa jina la almasi za Matara, na lilikuwa jiwe zuri kweli. Lakini zirkoni hupasua mwale mmoja wa mwanga kuwa miwili, kwa hiyo ukilitazama kwa lenzi kupitia uso wa juu, kila ukingo wa bapa la chini unaonekana umekuwa mistari miwili sambamba. Almasi haifanyi hivyo kamwe. Zirkoni hii isichanganywe na zirkonia, kito cha kutengenezwa kitakachoelezwa mbele.

Karibu katikati ya karne hiyo zilienea pia pacha za ganeti. Kipande chembamba cha ganeti nyekundu kiliyeyushiwa kioo cha rangi kwa chini, kisha vyote viwili vikachongwa kama kito kimoja. Ganeti ilikinga kioo kisikwaruzike, na kwa wembamba wake wekundu haukuonekana. Kito kizima kilichukua rangi ya kioo, iwe bluu, njano au kijani. Kuzifichua hakuhitaji mtambo wowote. Kito hulazwa kifudifudi juu ya karatasi nyeupe chini ya taa, na kama ni pacha, duara jekundu hafifu hujitokeza kuzunguka ukingo wake. Ukikiinamisha mbele ya mwanga, mstari wa maungio huonekana, juu mng'aro mkali na chini mng'aro wa kioo, na mara nyingi safu ya viputo vidogo katikati.

Ugunduzi wa almasi Afrika Kusini kuanzia 1867, na machimbo ya Kimberley yaliyofuata, ulijaza soko mawe yenye wekundu wa chai na unjano hafifu. Hapo ndipo watu walipoanza kuitia almasi halisi rangi ya kudanganya macho. Kalamu ya wino wa zambarau ilisuguliwa kwenye kiuno cha kito, yaani ukingo unaokizunguka penye upana wake mkubwa, na zambarau hiyo ikaufuta unjano kwa jinsi jicho linavyochanganya rangi, hata jiwe la bei ya chini likaonekana jeupe. Maji ya moto au spiriti viliiondoa kwa dakika moja. Ujanja huo ni wa kuifanya almasi ipoteze rangi, lakini kanuni yake ndiyo ileile iliyotumika karne moja baadaye kuipa almasi rangi isiyokuwa nayo.

Wakati huohuo kioo kilikuwa kinajitengenezea njia yake ya halali. Mji wa Gablonz huko Bohemia, leo Jablonec nad Nisou katika Ucheki, uliishi kwa vifungo, shanga na vito vya kioo. Katika eneo hilohilo alizaliwa Daniel Swarovski mwaka 1862. Mwaka 1892 alisajili mashine ya kukata kioo kwa usahihi ambao mkono haukuweza kuufikia kwa haraka hiyo, na 1895 akahamishia kazi yake Wattens, katika milima ya Tirol, penye nguvu za maji. Tokea hapo kito cha kioo hakikuwa tena kazi ya fundi mmoja kwa tajiri mmoja, kilikuwa bidhaa. Katika miaka ya 1920 mbunifu wa mavazi Gabrielle Chanel aliwavalisha wanawake mapambo ya bandia kwa fahari, yakiwa makubwa kuliko halisi na yakichanganywa nayo, na aibu ya kuvaa kioo ikaondoka. Mapambo ya fasheni yakawa biashara yenye wabunifu na majina yake. Mwaka 1956 kiwanda cha Swarovski, kikishirikiana na Christian Dior, kilitoa kioo kilichofunikwa kwa utando mwembamba wa metali unaomeremeta rangi za upinde wa mvua. Tarehe hiyo ina faida kwa mpimaji: pambo lenye vito vya namna hiyo haliwezi kuwa la kabla ya miaka ya 1950, hata kama muuzaji anaapa kuwa lilikuwa la bibi yake wa enzi za vita.

Bandia zilizofuata hazikuwa vioo bali fuwele zilizokuzwa kwa makusudi, na hapa ndipo kazi ya kutambua ilipoanza kuwa ngumu. Auguste Verneuil wa Ufaransa alitangaza mwaka 1902 njia ya kukuza rubi kwa kuyeyusha unga katika mwali wa moto. Njia hiyo ilizaa pia spineli ya kutengenezwa, iliyotumika kama almasi kwa miongo kadhaa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilikuja rutili ya kutengenezwa, ambayo hutawanya rangi za mwanga mara sita au saba zaidi ya almasi; ni kito kinachowaka kama kipande cha moto wa rangi, na unjano wake wa asili ulikifanya kiuzwe kama almasi ya njano. Ilijifichua kwa wingi wa uzuri wake, kwani hakuna almasi inayomeremeta hivyo. Titaneti ya stronti ya miaka ya 1950 ilikaribia zaidi, lakini ni laini mno, na baada ya mwaka mmoja kidoleni kingo zake zilikuwa zimelika.

Kilichozipiku zote ni zirkonia. Wanasayansi wawili wa Kijerumani, Stackelberg na Chudoba, walikuwa wameiona kama chembe za asili mwaka 1937, bila yeyote kuifikiria kuwa kito. Tatizo lilikuwa joto: oksidi ya zirkoniamu huyeyuka kwenye takriban nyuzi 2,750 za Selsiasi, na hakuna chungu kinachostahimili joto hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kundi la Vyacheslav Osiko katika Taasisi ya Fizikia ya Lebedev mjini Moscow lilipata jawabu lenye busara kubwa. Unga uliwekwa ndani ya mduara wa mirija ya shaba inayopitisha maji baridi, ukapashwa joto kutoka ndani kwa mawimbi ya redio. Katikati uliyeyuka, pembeni, ulipogusana na ubaridi wa mirija, ulibaki mgumu. Unga ukawa chungu chake wenyewe. Oksidi ya itriamu au ya kalsiamu iliyochanganywa humo iliishika fuwele isibadilike umbo ilipopoa. Warusi waliziita fuwele hizo fianiti, kutokana na herufi za kifupi cha taasisi yao, na kufikia 1976 zilikuwa sokoni duniani.

Zirkonia safi haina rangi, lakini huipokea rangi vizuri kuliko bandia yoyote iliyotangulia. Seriamu huipa njano hadi rangi ya chungwa, erbiamu huipa waridi, neodimiamu huipa zambarau. Sehemu kubwa ya "almasi" za njano na waridi zinazouzwa madukani katika hereni na pete za fasheni ni zirkonia ya aina hiyo. Inang'aa, haipasui mwale kuwa miwili, ina ugumu wa 8 hadi 8.5 katika kipimo cha Mohs ambamo almasi ina 10. Udhaifu wake ni uzito. Almasi ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 6.5 ina uzito wa karibu karati 1. Zirkonia ya kipimo hichohicho ina karibu karati 1.7. Kito kikiwa hakijafungwa katika pete, mizani na kipima kipenyo vinatosha kumaliza ubishi.

Kikiwa kimefungwa, lenzi inayokuza mara 10 ndiyo inayozungumza. Kwenye almasi, mabapa mawili hukutana kwa ukingo mkali kama wembe, na ukingo huo hubaki mkali hata baada ya miaka mingi. Kwenye zirkonia iliyovaliwa, ukingo umelainika, na penye kugongwa pamevunjika kwa mkunjo unaofanana na ganda la kombe. Kiuno cha almasi mara nyingi kimeachwa bila kusuguliwa, kikawa na mng'aro wa nta, na mara nyingine kimebaki na kipande cha ngozi ya jiwe lililotoka mgodini, chenye alama ndogo za pembetatu. Kito cha kutengenezwa hakina ngozi ya mgodi. Ukitumia spektraskopu, kifaa kinachotawanya mwanga katika rangi zake, zirkonia iliyotiwa rangi kwa metali hizo huonyesha mistari mingi myembamba mikali, ilhali almasi nyingi za njano huonyesha mstari mmoja maarufu katika zambarau, kwenye nanomita 415.

Wingi wa zirkonia ulizaa kifaa kipya. Almasi hupitisha joto kuliko kito kingine chochote, na mwishoni mwa miaka ya 1970 zilianza kuuzwa kalamu zenye ncha ya shaba iliyopashwa moto, ambazo hupima jinsi joto linavyokimbilia ndani ya jiwe. Kwa miaka takriban 20 masonara waliziamini kabisa. Kisha, mwaka 1998, moisanaiti ya kutengenezwa ikaingia sokoni. Ni kabidi ya silikoni, iliyoonekana kwanza na Henri Moissan mwaka 1893 katika mabaki ya kimondo huko Arizona, nayo hupitisha joto kwa wingi kiasi kwamba kalamu iliitangaza kuwa almasi. Waliookoa jahazi walikuwa wale ambao hawakuwa wameitupa lenzi: moisanaiti hupasua mwale kuwa miwili, kama zirkoni ya Matara, na kingo zake za chini huonekana mbili mbili. Pia huelea katika kimiminiko kizito cha methilini iodidi, ambamo almasi huzama. Kalamu mpya zilizotengenezwa baadaye hupima pia umeme, kwa kuwa moisanaiti nyingi huupitisha. Hapo kuna mtego ambao wauzaji wengi hawaujui. Almasi ya bluu hupata rangi yake kutokana na boroni, na boroni huifanya ipitishe umeme. Kalamu hiyohiyo inaweza kuitangaza almasi adimu ya bluu kuwa moisanaiti.

Sehemu ya pili ya historia, ile ya kuiga rangi, ilianzia kwa mwanasayansi na si kwa tapeli. Sir William Crookes wa Uingereza alianza 1904 kuzika almasi ndani ya chumvi ya radiamu na kuona zinageuka kijani. Kijani hicho kilikuwa cha kudumu, na bahati mbaya mionzi nayo ilibaki katika mawe hayo. Almasi kijani ya zama hizo haifai kuvaliwa kabla ya kupimwa. Tangu miaka ya 1940 kazi hiyo ilifanywa kwa mashine za kuharakisha chembe na baadaye kwa vinu vya nyuklia, na kupashwa joto baada ya mionzi kukaleta njano, chungwa na hata waridi. Mawe yaliyopigwa mionzi kutoka chini huwa na kivuli cha rangi chenye umbo la mwavuli kuzunguka ncha, kinachoonekana kwa juu. Mengine hayaachi alama kwa macho, na hapo maabara pekee ndiyo husema. Mwaka 1971 almasi ya njano iitwayo Deepdene, yenye karati 104.52, iliuzwa Geneva kama ya rangi ya asili. Uchunguzi uliofuata ulionyesha rangi yake ilitokana na mionzi.

Njia nyingine ni kupaka, ndugu wa ile kalamu ya zambarau. Kisa kinachofundishwa zaidi ni cha New York mwaka 1983. Mtu aliyejifanya mnunuzi katika maonyesho ya mnada alichukua almasi ya waridi ya karati 9.58 na kuacha mahali pake almasi ya njano hafifu ya karati 10.88 iliyopakwa rangi ya kucha ya waridi. Kwa mbali ilionekana sawa. Chini ya darubini rangi ilikuwa imejikusanya katika kingo za mabapa, ikaacha vitone na mikwaruzo iliyofunua unjano wa chini, na kiyeyusho cha kawaida kiliimaliza. Tando za leo ni nyembamba na ngumu zaidi, lakini hutambuliwa kwa njia ileile: kuangaza jiwe kwa mwanga laini uliopita kwenye karatasi nyeupe, na kutafuta pale penye kuchubuka.

Sababu ya juhudi zote hizi ni bei. Rangi ya asili ya almasi hutokana na ajali adimu za kijiolojia: naitrojeni kwa njano, boroni kwa bluu, mionzi ya asili kwa kijani, na mkandamizo uliopinda fuwele kwa waridi. Mwezi Aprili 1987 almasi nyekundu ya karati 0.95, ndogo kuliko punje ya hindi, iliuzwa New York kwa dola 880,000, na tangu siku hiyo soko la almasi za rangi halikurudi lilipokuwa. Tanzania ina nafasi yake katika habari hii. Mgodi wa Mwadui, Shinyanga, uliogunduliwa 1940 na mjiolojia Mkanada John Williamson, ulitoa mwaka 1947 almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Ilichongwa ikawa karati 23.6 na kuwekwa katikati ya bruchi ya ua. Mwaka 2022 almasi ya waridi ya karati 11.15, iliyoitwa Williamson Pink Star kwa sehemu kwa kumbukumbu ya jiwe hilo, iliuzwa Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Pete yenye jiwe la waridi la ukubwa huo katika sanduku la mapambo ya fasheni karibu kila mara ni zirkonia, na kuanza kwa kudhani hivyo ni uadilifu.

Almasi iliyokuzwa katika maabara iko mahali pake peke yake. Kampuni ya General Electric ilifaulu kuitengeneza Desemba 1954, na kuanzia 1985 Sumitomo ya Japani iliuza fuwele za njano, kwa kuwa naitrojeni huingia yenyewe wakati wa kukuza na njano ndiyo rangi rahisi kupatikana. Hiyo si bandia kwa maana ya jiwe jingine, kwani ni kaboni ileile yenye fuwele ileile. Ni bandia pale tu inapouzwa kama ya mgodini. Kalamu ya joto huikubali. Baadhi hufichuliwa na chembe za metali zilizonaswa ndani, ambazo huvutwa na sumaku, nyingine na michoro ya ukuaji inayoonekana chini ya miale ya urujuanimno. Mwaka 2018 De Beers walianza kuziuza za waridi na bluu kwa dola 800 kwa karati, wakizitangaza wazi kuwa mapambo ya fasheni. Ukuta uliotenganisha almasi na pambo la bei nafuu ulianguka kwa bei hiyo.

Mpimaji anapoletewa pambo, kwa hiyo, huanza na madini kabla ya kito. Alama ya 925 ni fedha. Madini mepesi yaliyochovywa dhahabu, gundi kwenye kikalio, na vidole vya kushikilia kito vilivyotoka kwenye kalibu badala ya kufinyangwa juu ya jiwe, vyote vinaelekeza kwenye fasheni. Kisha hugeuza pambo nyuma kuona kama vito vimezibwa, vina foili au viko wazi. Baada ya hapo lenzi, halafu kalamu, na mwisho, kama bado kuna shaka na thamani inayoweza kuwepo inalipia gharama, maabara. Kukwaruza jiwe ili kujua ugumu wake kumeachwa, maana huharibu bandia nzuri bila kuthibitisha lolote.

Kujua kuwa kito ni bandia hakumalizi ukadiriaji wa pambo, ingawa wengi huishia hapo na kulitupa. Kwa almasi ya rangi, bei hufuata karati na ukolevu wa rangi, ambao maabara ya GIA, taasisi ya vito ya Marekani, huugawa katika madaraja tisa. Kwa pambo la fasheni, karati hazina maana. Bei hufuata mbunifu, mhuri wake, umri, ubora wa kazi na hali ya pambo. Trifari, kampuni ya Marekani ambayo mbunifu wake mkuu tangu 1930 alikuwa Alfred Philippe, ilitumia fedha halisi kuanzia 1942, vita vilipozuia metali nyingine, na vipande vya miaka hiyo hutafutwa sana. Mwaka 1955 mahakama ya Marekani ilikubali kuwa pambo la fasheni la kampuni hiyo linalindwa na hakimiliki kama kazi ya sanaa. Aliyelivaa naye huongeza bei: kidani cha lulu bandia cha Jacqueline Kennedy kilikadiriwa dola 500 hadi 700 mwaka 1996, kikauzwa dola 211,500.

Kinachoshusha bei kuliko vyote ni maji. Foili ya kioo cha kale ikilowa mara moja, kwa jasho, manukato au kuoshwa bombani, huanza kuoza. Jiwe la waridi hugeuka kijivu, la njano huwa kahawia, na mng'aro haurudi kwa kusafisha. Mafundi wa mapambo ya kale husema mawe hayo yamekufa. Njia pekee ni kuliondoa jiwe lililokufa na kuweka jingine la ukubwa, mchongo na umri uleule, kwa sababu kioo kipya kando ya cha zamani huonekana mara moja, cheupe na kikali kupita wenzake. Ndiyo maana mafundi hao hununua hereni mbovu na bruchi zilizovunjika kwa kilo, huzichambua kito kimoja kimoja kwa rangi na kwa nusu ya milimita, na kuvihifadhi katika vikasha vidogo vya bati vikavu.